Sura ya Sita: Garsen kwa Gari la Kulala

Anayepanga kwenda Garsen huuliza kwanza habari za mvua, lakini si mvua ya Garsen. Mji wenyewe unaweza kuwa mkavu kabisa, vumbi limetanda sokoni na mbuzi wakigombea kivuli cha kibanda, huku barabara ya kuingilia ikiwa chini ya maji. Maji hayo yamenyesha Nyeri, Meru na Embu. Yameteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakakata mbuga hadi Garissa, kisha yakafika sehemu za chini za Mto Tana siku kadhaa baadaye, watu wa huko juu wakiwa wameshaanika nguo.

Masika ya 2024 yalitoa somo hilo kwa nguvu. Masinga, bwawa lililokamilika 1981 na ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika mlolongo ule, lilijaa likamwaga. Kampuni ya umeme ya KenGen ikawatahadharisha wakazi wa chini ya mto wahamie penye mwinuko. Barabara ya Garissa ilikatwa upande wa Madogo, watu wakaanza kuvushwa kwa boti, na mwishoni mwa Aprili boti moja ikazama na kuua abiria. Kule deltani, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilimezwa na maji sehemu za Gamba na Lango la Simba. Malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili. Miezi michache tu nyuma, mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilikuwa zimefanya yaleyale.

Kwa hiyo kalenda ya safari hii haifanani na ya Maasai Mara. Msafiri wa kawaida huepuka masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, akadhani amemaliza. Wa Garsen huongeza kipindi cha kungoja: mvua ikishakatika milimani, mto bado una hesabu zake. Miezi ya Julai hadi Septemba, na Januari hadi Februari, ndiyo yenye matumaini zaidi. Januari ina joto la kuchemsha ubongo, ila ina maembe. Maembe ya Tana huuzwa kando ya barabara kwa ndoo, na mwenye gari lenye friji atajutia nafasi aliyoijaza soda.

Gari lenyewe ni suala la pili, nalo huanza kwa kuvunja ndoto. Yale magari makubwa ya Marekani, nyumba nzima yenye bafu, jiko na sebule, hayaonekani sana Kenya. Sababu moja ni sheria: gari linaloingizwa nchini kusajiliwa halitakiwi kuzidi umri wa miaka minane, na usukani uwe kulia. Magari ya namna hiyo yaliyotumika, ambayo huko Marekani na Ulaya hununuliwa na wastaafu kwa bei nafuu, kwa kawaida huwa yamevuka umri huo na usukani wake uko kushoto. Wageni wanaoonekana nayo huwa wameyaendesha wenyewe kutoka nchi nyingine, wakipita mipaka kwa hati ya forodha ya muda na kadi ya manjano ya bima ya COMESA, na siku zao zikiisha wanatoka nayo. Wengi hupumzika Nairobi, kwenye uwanja wa Jungle Junction, ambako kwa miaka mingi wasafiri wa masafa marefu wamekuwa wakitengeneza magari, kufua nguo na kubadilishana habari za barabara.

Si kwamba bara hili halijawahi kuona nyumba za kuvutwa. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa nyumba 41 za alumini zinazong'aa kutoka Cape Town hadi Cairo. Zaidi ya watu mia moja, wengi wao wazee, walivuka Afrika wakilala katika vitanda vyao wenyewe. Walipita Kenya wakielekea Ethiopia, na picha zao bado hutumika kuuzia wengine hamu ya safari. Kisichoonekana sana kwenye picha ni kazi ya kuzivuta nyumba hizo kwenye tope, moja baada ya nyingine. Mjerumani Gunther Holtorf alichagua njia tofauti. Alichukua Mercedes ya umbo la sanduku, akaweka godoro nyuma, akaizungusha dunia kwa miaka 26, akimaliza 2014 na karibu kilomita 900,000 kwenye mita. Kati ya hao wawili, barabara za Tana River zinampa haki Holtorf.

Mkenya anayetaka kulala garini ana njia tatu. Anaweza kukodi Land Cruiser au gari jingine la magurudumu manne lenye hema linalofunguka juu ya paa. Kampuni za Nairobi zinazokodisha magari hayo zipo, na hutoa pia jiko la gesi, viti na friji ndogo. Anaweza kuchukua Hiace, akang'oa viti vya nyuma na kumpa seremala vipimo vya kitanda. Wapo wanaonunua Canter na kupeleka kwa mafundi wa bodi, walewale wanaounda matatu, wawajengee chumba. Chumba kama hicho hupendeza sana kikiwa barabara kuu. Kwenye njia ya kuingia kijijini Tana kina kasoro mbili: urefu wake hukwaruzana na matawi ya miembe, na uzito wake hukitafuta kile kidongo cheusi cha delta ambacho kikilowa hushika gurudumu na hakiachii.

Hiace basi? Kwa anayekusudia kubaki kwenye lami, inatosha. Lami ipo Mombasa hadi Malindi, Malindi hadi Garsen, na Garsen hadi Lamu, ambako kazi ya kuijenga barabara ya Witu ilizinduliwa 2017 na safari iliyokuwa ya kutwa nzima ikawa ya saa chache. Anayetaka kufika ukingoni mwa mto, Ngao au Golbanti, atafute gari lililoinuka.

Kutoka Mombasa hadi Garsen ni kama kilomita 230, na Malindi ni katikati yake kwa umbali na kwa kila kitu kingine. Malindi ndiko kwa kujaza tangi mpaka shingoni. Malindi ndiko kwa kutoa pesa, kununua gesi, kukagua spea na kuulizia barabara. Si kwamba Garsen hakuna petroli; ipo. Lakini mji mdogo unaotegemea barabara moja hukaukiwa siku ambayo msafiri hakuipanga, na hapo bei ya chupa ya kando ya njia haina mjadala. M-Pesa hufanya kazi pote penye mtandao. Penye mtandao.

Baada ya daraja la Sabaki mandhari hubadilika haraka. Hoteli za Waitaliano zinaisha, inakuja Mambrui na msikiti wake, halafu Gongoni na Marereni, mahali pa chumvi, ambapo maji ya bahari hufungiwa kwenye mabwawa mapana mpaka yakakaukia juani. Mbele ya hapo nchi inakuwa tambarare na vijiji vinaachana. Ngamia na ng'ombe hupita barabarani bila haraka yoyote, na dereva mwenye busara hazimi honi tu, anazima na haraka yake. Tarasaa ndiyo njia ya kuingilia Ngao. Kisha Minjila, njia panda: huku Garsen mjini, Hola na Garissa, huku daraja la Mto Tana, Gamba, Witu na Lamu. Polisi wa kizuizi cha barabarani watauliza unakotoka na unakokwenda. Swali hilo lijibiwe kikamilifu na kwa upole, kwa sababu wao ndio wenye habari za asubuhi hiyo.

Kuna kitu kimoja kwenye safari hii ambacho vitabu vya utalii havikitaji na mafundi wa pancha wanakijua kwa jina: mathenge. Mti huu wa kigeni uliingizwa Kenya miaka ya 1970, na miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola ili uipatie miradi ya umwagiliaji kuni na kivuli. Ulikubali udongo kuliko ilivyotarajiwa. Leo umefunga mashamba, njia za mifugo na kingo za mto. Kule Baringo wakazi waliishtaki serikali kwa sababu yake, na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake akafikishwa mahakamani Nairobi kama kielelezo. Kwa mwenye gari, kesi yake ni mwiba. Mwiba wa mathenge ni mrefu, mgumu, na hauingii kwenye soli ya gurudumu peke yake. Gari likikwepa shimo na kuingia kandokando, huchoma ubavuni, mahali ambapo vijiti vya mpira vya kuzibia pancha havishiki. Tena hautoi upepo palepale. Mwiba uliovunjikia ndani huziba tundu lake wenyewe, gari likaendelea mpaka kambini, na asubuhi gurudumu linakutwa limelala. Ndiyo maana wenye kuijua njia hii hubeba spea mbili, pampu inayotumia betri ya gari, koleo la kung'olea, na kibao kipana cha kuwekea jeki ili isizame. Jioni, kabla ya chai, hupapasa magurudumu yote manne kwa mkono.

Kisha linakuja swali kubwa, la mahali pa kulala.

Marekani swali hili lina jibu la kulipia. Kuna viwanja maalumu vya magari hayo, kila kituo na bomba lake, soketi yake ya umeme na shimo la kumwagia choo. Garsen hakuna uwanja wa namna hiyo. Zipo nyumba za wageni, za vyumba vya kawaida, na mwenye nyumba mwenye ua mpana anaweza kukubali gari lilale ndani ya lango kwa malipo ya maelewano. Kwa usiku wa kwanza hilo ndilo jibu zuri kuliko yote: kuna choo, kuna bafu, kuna mlinzi, na kuna mtu wa kuuliza. Choo cha kubeba garini kinasaidia njiani, lakini hakuna pa kukimwaga isipokuwa kwenye choo cha shimo cha mtu, kwa idhini yake. Anayekimwaga mtoni amwage akijua kwamba chini ya hapo kuna mama anachota maji ya kunywa.

Wengi wa wanaokwenda na gari la kulala hawataki ua wa nyumba ya wageni. Wanataka mto. Wameona kwenye ramani ya simu nafasi nzuri, wazi, imenyooka kutoka mbugani mpaka majini, haina shamba wala nyumba. Nafasi hiyo ina mwenyewe. Waorma na Wapokomo huiita malka: njia ambayo ng'ombe hushukia kunywa. Wapokomo wamelima kingo za Tana kwa karne nyingi, mpunga, ndizi, mahindi na miembe; Waorma na Wawardei huchunga mbugani na lazima wafike majini wakati wa kiangazi. Malka ndiyo mapatano yao. Pakizibwa, kwa shamba, kwa ua au kwa hema la mgeni, mifugo hukanyaga mazao, na mambo huanzia hapo.

Na yalishawahi kuanzia hapo. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa, watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Kukafuata Chamwanamuma, Kilelengwani, na Desemba Kipao, kulipizana kisasi huku na huku, mpaka idadi ya waliokufa ikapita mia moja. Wachunguzi walitaja pia silaha na siasa za kuelekea uchaguzi wa 2013. Hata hivyo ardhi ya malisho na njia ya maji ndivyo vilivyokuwa chini ya kila maelezo. Mwaka huohuo, Septemba, delta ya Tana iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Yote mawili ni kweli kuhusu eneo moja katika mwaka mmoja.

Ni rahisi kuona kwa macho malka inavyofanya kazi. Kwenye saa tisa au kumi za alasiri vumbi hunyanyuka mbali kabla ya sauti kufika. Halafu kengele za mbao, halafu mluzi. Ng'ombe wa Waorma, weupe wenye mapembe na nundu, huja kwa mkupuo, na wakishanusa maji hakuna kijana mwenye fimbo anayeweza kuwasimamisha. Gari lililoegeshwa katikati, meza imekunjuliwa na sufuria iko jikoni, litapitwa ubavu kwa ubavu. Vioo vya pembeni huenda na pembe. Mchungaji hataomba radhi, wala hana sababu.

Pembeni pa malka napo si salama kwa sababu nyingine. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kulisha, na hutumia njia zake za siku zote, zile zinazoonekana kama mifereji miwili laini kwenye nyasi za ukingo. Mamba hushika ukingo wa chini, pale ambapo mtu angeinama kuosha vyombo. Wenyeji huchota maji sehemu zilizozungushiwa miti au kwa ndoo ya kamba, na wao ndio wa kuigwa. Kulala mita mia kadhaa kutoka majini, penye mwinuko, kunampunguzia msafiri mandhari kidogo na mambo mengine mengi, wakiwemo mbu. Malaria ipo mwaka mzima. Chandarua na dawa ya kinga ni sehemu ya bajeti kama petroli. Hema la juu ya paa lina faida hapa. Ndani ya gari lililofungwa vioo usiku wa Februari hakulaliki.

Utaratibu wenyewe hauchoshi. Unaanza kwa chifu au naibu wake, ambaye simu yake kila muuza duka anayo. Chifu humtuma mzee wa kijiji, au humpa mgeni jina lake. Maneno ni machache: "Shikamoo mzee. Tumekuja kutembea, tunaomba mahali pa kulaza gari usiku huu." Katika kijiji cha Waorma salamu ni "Assalamu alaikum" na mkono unatolewa kwa wanaume, dada mgeni angoje kuona. Mzee atauliza wageni wametoka wapi, watalala siku ngapi, wana watoto. Kisha ataonyesha: uwanja wa shule, kivuli cha mwembe karibu na msikiti au kanisa, ua wa mtoto wake. Patakuwa ndani ya macho ya watu, na watoto watakaa kuangalia kila kinachotolewa kwenye gari mpaka giza liingie. Hilo ndilo wanaotafuta upweke hulilalamikia zaidi. Faida yake ni kwamba usiku huo gari lina wenyewe arobaini. Sukari, majani ya chai na unga ndiyo zawadi ya heshima. Kugawa peremende kwa watoto kunaharibu kwa atakayefuata.

Mgogoro ukitokea, wa ng'ombe aliyegongwa kwa mfano, usimalizwe barabarani kwa noti. Wapokomo wana baraza lao la wazee, Gasa. Waorma wana Matadeda. Chifu ndiye atakayejua pa kupeleka.

Suala la usalama linahitaji kusemwa bila kuficha na bila kutia chumvi. Juni 2014 wanamgambo wa al-Shabaab walivamia Mpeketoni, ng'ambo ya Witu, wakaua watu zaidi ya 60. Julai kituo cha polisi cha Gamba kikashambuliwa. Septemba 2015 serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni katika msitu wa Boni, na mabasi ya Lamu yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Garsen mjini maisha yanaendelea, watu wanafunga harusi na kufungua maduka. Lakini anayepanga safari ya starehe ana mambo matatu ya kukagua. La kwanza ni hali ya wiki hiyo, kwa kuuliza polisi wa Malindi au Minjila, si kwa kukumbuka safari ya mwaka jana. La pili ni saa: mchana tu, na gari liwe limetulia kabla ya saa kumi na mbili jioni. La tatu huwaponyoka wengi walioko Ulaya wanaorudi nyumbani likizo na familia: serikali kama ya Uingereza hutoa tahadhari za safari kwa eneo kwa eneo, na Tana River na Lamu zimekuwa zikitajwa humo. Bima ya safari iliyonunuliwa London inaweza kukataa kulipa kwa ajali iliyotokea ndani ya eneo lililotajwa. Sharti hilo husomwa kabla ya tiketi, siyo hospitalini.

Sasa, baada ya taabu hiyo yote, kuna nini cha kuona?

Ngao kwanza. Wamishonari wa Kijerumani wa Neukirchen walifika Tana mwishoni mwa miaka ya 1880, na kijiji hiki cha Wapokomo kikawa ngome yao. Kanisa, shule na hospitali vyote vina mizizi huko. Ziwa Shakababo liko jirani, lina samaki, viboko na ndege wa majini, na mto ukifurika hupata maji mapya. Golbanti, hapo karibu, palikuwa kituo cha Wamethodisti. Mwaka 1886 mmishonari John Houghton na mkewe waliuawa huko katika uvamizi wa Wamaasai, jambo linaloshangaza wanaodhani Wamaasai hawakuwahi kufika karibu hivi na bahari.

Tana imelipa taifa kitu ambacho kila Mkenya hukisikia angalau mara moja kwa wiki. Tume iliyopewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa kabla ya uhuru wa 1963 ilichukua lahani ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, kutoka kwa mzee Meza Moraa Galana. Mgeni akilitaja hilo kijijini, mazungumzo hupata uhai, na lawama nazo hujitokeza: wengi wanaona fidia na heshima havikulingana na mchango.

Kaskazini, kama kilomita mia moja kwa barabara iliyochoka sehemu kadhaa, iko Hola. Hapo kambini, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na walinzi mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya shuruti. Wakoloni walidai kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka, bunge la Uingereza liliwaka moto, na mbunge Enoch Powell, ambaye hakuwa rafiki wa Waafrika, alitoa hotuba kali dhidi ya serikali ya chama chake. Huo ndio mwaka uleule ambao nyumba za alumini za Wally Byam zilikuwa zikipanda Afrika kuelekea Cairo. Mjini kuna shule ya sekondari iliyopewa jina la Mau Mau kwa kumbukumbu. Msafiri mwenye nafasi ya siku moja zaidi anaweza pia kuulizia misitu ya mtoni iliyo kati ya Garsen na Hola, ambako mwaka 1976 ilitengwa hifadhi kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana, nyani wawili wasiopatikana popote pengine duniani. Miundombinu ya kitalii ni haba, kwa hiyo aende na mwongozaji kutoka kijijini na aridhike na shingo kuuma.

Wengi hupendelea kwenda upande wa pili, Kipini, mdomoni mwa mto. Barabara hupita Gamba, ambako mradi mkubwa wa mpunga wa mamlaka ya maendeleo ya TARDA ulijengewa kuta za kuzuia maji, na El Niño ya 1997 na 1998 ikazibomoa. Witu inafuata, leo mji mdogo wa maembe na bodaboda. Si rahisi kuamini kwamba hapa sultani Ahmed Simba alikaa mbali na mkono wa Zanzibar, akashirikiana na ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na kuanzia 1885 hadi 1890 Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mkataba wa 1890 ndio uliowapa Waingereza Witu. Wajerumani wakachukua kisiwa cha Heligoland.

Kutoka Witu njia ya udongo huteremka Kipini. Kabla ya karne ya 19 kwisha, mfereji wa Belezoni uliochimbwa enzi za watawala wa Witu ulikuwa umeunganisha Tana na mto Ozi, na maji yakaupenda mkondo mpya kuliko wa zamani. Ndiyo maana leo Tana humwagikia Kipini. Wazee wa huku watakuonyesha pia mahali wanaposema kaburi la shujaa Fumo Liyongo lilipo. Kijiji cha Ozi, ndani kidogo, kina mpunga unaolimwa kwa ujanja wa zamani: maji ya bahari yakijaa husukuma maji baridi ya mto nyuma, nayo hupanda mashambani. Miaka ya karibuni mto umepungua nguvu na chumvi imeanza kupanda pamoja nayo, mashamba kadhaa yameachwa.

Ozi haiendeki kwa gari. Gari linabaki Kipini, kwenye ua wa mtu aliyekubaliwa na mzee wa mtaa, na safari inaendelea kwa mashua au mtumbwi wa injini. Nahodha atataja bei kwanza, kwa kuwa ndiyo wageni huulizia kwanza. Afadhali kuanza na saa ya maji kujaa na saa ya kurudi, kisha jaketi za kuokolea, bei mwisho. Kwani akirudisha abiria saa kumi na moja na nusu, hakuna wa kuanza tena barabara ya Witu siku hiyo, na usiku wa pili Kipini nao ulipaswa kuwemo kwenye hesabu ya maji, unga na gesi tangu Malindi.